Kichwa cha Shemeji

Mdogo wangu ni kinyozi, na wateja wake humwita Vunja. Mama alimpa jina zuri la babu, ila jina la babu limeishia kwenye kitambulisho. Ukilitaja mtaani watu watakukodolea macho. Ukisema Vunja, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke hadi mlangoni.

Chumba chake cha kazi na changu vimetenganishwa kwa mbao nyembamba tu. Upande huu nipo mimi na cherehani yangu, upande ule yupo yeye na kiti chake cha kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na redio inayojisemea peke yake maana mwenye nayo haipi nafasi. Kwa hiyo mambo yake nayajua bila kuuliza. Nasikia mashine ikinguruma, namsikia akimtania mtu aliyeanza kuota kipara, halafu zamani ilikuwa inafuata kimya kidogo. Hapo nilijua kichwa kimeshikwa. Mkono mmoja kidevuni, wa pili kisogoni, anakizungusha polepole huku akimpigia mwenyewe hadithi ili alegee, na kabla hadithi haijaisha shingo inalia, ka! Kisha upande wa pili, ka! Mteja anaguna kwa raha, na waliokaa kwenye benchi wanacheka kwa kuwa zamu yao inakaribia.

Tusidanganyane, mdogo wangu ana mkono. Simsifii kwa kuwa nilimbeba mgongoni, namsifia kwa kuwa nina macho. Anamnyoa mtoto anayelia na kurusha miguu bila wembe kumgusa hata chembe. Ndevu anazichonga mpaka mtu anatoka pale anafanana na picha yake ya harusi. Lakini kilichowaleta watu kutoka mitaa ya mbali si ndevu, ni shingo. Alijifunza kwa kinyozi wa zamani aliyekuwa akimfagilia sakafu, na yule mzee alimwambia kuwa nywele ni kazi ya mashine, shingo ndiyo kazi ya fundi. Walikuja madereva wa malori, maseremala, makarani wanaoshinda wameinamia meza. Kulikuwa na bwana mmoja hana hata unywele mmoja kichwani, na kila mwisho wa wiki alipanga foleni kama wengine. Nilimuuliza anakuja kunyolewa nini. Akanijibu kwamba yeye nywele alishazisamehe, anafuata shingo.

Na mteja asiyekosa hata Jumamosi moja alikuwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi rangi, na kazi anayopewa zaidi ni dari, kwa vile Mungu alimpa urefu. Anashinda siku nzima ameangalia juu na brashi mkononi, jioni anarudi shingo imekaza. Kwa hiyo alikuwa akipita kwa shemeji yake kabla hajafika kwangu, na utani wao ulikuwa unaniharibia mishono, maana ukicheka huku unakanyaga cherehani, nguo inakwenda upande. Mdogo wangu atasema anakikarabati kichwa hicho bure, kwa kuwa dada yake alikipokea kibovu na familia inaona haya kukirudisha. Mume wangu naye atajibu kuwa aliyepewa mke mwenye maneno mengi anastahili shingo mbili, moja ya kukubali, moja ya kukataa, na yeye ameletewa moja tu. Nilikuwa nawapigia mbao kwa mkasi wanyamaze. Hawakuwahi kunyamaza.

Jumamosi hiyo ninayoisema sikusikia chochote cha ajabu. Ka ya kwanza, ka ya pili, benchi likacheka, nami nikaendelea na sare zangu za shule. Mume wangu akatokea mlangoni kwangu akiwa amejishika nyuma ya shingo upande wa kushoto. Nilimuuliza vipi, akasema dari. Jumapili akajipaka dawa ya kuchua. Jumatatu akaenda kazini akarudi mapema, na mume wangu si mtu wa kurudi mapema, huyo hata akiwa na homa hupaka ukuta mpaka umalizike.

Jumanne asubuhi akaamka na kwikwi.

Tulicheka, ndiyo. Nani asiyecheka kwikwi? Mama mkwe wangu, ambaye anakaa nasi, alimpa sukari ailambe, kisha akamnyatia kwa nyuma amshtue, bibi wa watu wa miaka yake. Kwikwi hazikukatika. Akaingia bafuni kuoga, mara namsikia ananigombeza kwa sauti nzito isiyo yake, kwamba nimemchanganyia maji vibaya: yana moto upande mmoja wa mwili na baridi upande mwingine. Nikamjibu vizuri, nadhani nilimwambia ndoo ni moja na maji yake ni mamoja, kama ana miili miwili aseme nilete ndoo mbili. Akatoka ameshika ukuta. Kila akinyanyua mguu, mwili mzima ulikuwa unaelekea kushoto, na kope la jicho la kushoto lilikuwa limeshuka nusu. Akatapika pale pale kizingitini. Hapo kicheko kilinikauka mdomoni.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kwa umri, sauti ya chini, hana haraka wala hana mbwembwe. Alimpima presha akakuta iko juu sana. Akamchoma kidogo kwa ncha ya kijiti usoni, mikononi na miguuni, akimuuliza anasikia nini na wapi. Akaagiza picha ya kichwa, na picha ikarudi safi, haina damu iliyovuja. Kisha akavuta kiti, akakaa, akauliza swali moja kwa utulivu: siku za karibuni ameanguka, au shingo yake imegongwa au kuzungushwa na mtu yeyote?

Mume wangu alijibu kabla sijafumbua mdomo. Alisema hapana, ni dari. Alikuwa amepaka dari za jengo zima wiki iliyopita, na shingo imechoka kwa kuangalia juu. Daktari akamuuliza tena kwa maneno mengine, naye akajibu dari tena, katikati ya kwikwi. Mimi nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Jumamosi mwenyewe alinitajia dari, na shingo kuzungushwa na mdogo wangu kwetu sisi lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa uso, halihesabiki. Daktari akaandika dari. Akatuambia yawezekana ni sikio la ndani, linalomshikia mtu mizani ya mwili, japo kope lile na yale maji ya pande mbili havimkai vizuri moyoni, basi alale chini ya uangalizi waone.

Mchana mdogo wangu akaja na chupa ya chai, aproni ya kazi bado kiunoni, nywele za watu mabegani. Aliacha mteja amenyolewa nusu kichwa, nilikuja kuambiwa baadaye. Nikamweleza yote pale kando ya kitanda: kwikwi, maji, kutapika, picha safi, swali la daktari. Nilipofika kwenye swali la daktari akaniuliza shemeji alijibuje. Nikamwambia. Akamtazama mume wangu, na mume wangu akamtazama yeye kwa lile jicho moja lililofunguka vizuri, akatikisa kichwa kidogo sana. Ndipo nilipoelewa kuwa kuna kitu hawa watu wawili wanakijua na mimi sikijui.

Mdogo wangu akaweka chupa ya chai sakafuni. Akavuka wodi nzima hadi alipokuwa amesimama daktari, na hakushusha sauti, kila mgonjwa alimsikia.

"Daktari, shingo yake imezungushwa. Niliizungusha mimi, Jumamosi, kwa mikono hii."

Daktari akamwambia amuonyeshe hewani bila kumgusa mtu. Akaonyesha. Kidevu pale, kisogo pale, mzunguko, kisha ule mvuto wa ghafla. Akasema upande wa pili ulikwenda mbali kuliko kawaida, aliusikia vidoleni, na shemeji yake alikamata mkono wa kiti kwa nguvu. Alipomuuliza vipi, shemeji alicheka. "Nikajua anacheka kwa ajili ya wale wa benchi," alisema. "Asiniaibishe mbele yao. Nami nikanyamaza, nikamwita anayefuata."

Mume wangu aligeuza uso ukutani. Daktari hakupoteza hata sekunde kumlaumu mtu, alikwishaanza kuwaita wenzake: apigwe picha ya mishipa ya shingo, sasa hivi, ile ya kuchomwa dawa inayoonyesha damu inapita wapi na imekwama wapi.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, alikuwa amesikia. Ni mwanamke mdogo wa mwili, na tangu niolewe hajawahi kunipandishia sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha. Alimwambia mdogo wangu atoke mbele ya macho yake. Basi. Mdogo wangu akatoka, akakaa kwenye benchi la ukumbini, mikono juu ya magoti.

Mimi nikabaki mlangoni, mume wangu anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu upande huu, mdogo wangu amekaa upande ule. Nilimchukia mdogo wangu. Nasema wazi, nilimchukia mpaka nikatamani nimpige makofi, na papo hapo nilitaka kumfuta zile nywele mabegani. Kifua kilianza kunibana. Nikawa nahema mbio mbio, midomo ikafa ganzi, vidole vikawa vinachomachoma, ukumbi ukaanza kuzunguka. Nikasema haya, na mimi limenipata, watoto wetu wamebaki yatima wa pande zote. Nesi mmoja mnene akanikalisha kwa nguvu, akanishika mabega, akaniamuru nivute pumzi polepole na nizitoe polepole zaidi, kama ninayepoza uji. Mimi, naagizwa jinsi ya kupumua! Lakini nilitii, na ukumbi ukatulia. Nesi akanieleza kwamba mtu akihema kwa pupa anaitoa ile hewa chafu ya mwilini kupita kiasi, na mishipa ya ubongo inaitegemea hewa hiyo ijue ifunguke kiasi gani. Ikipungua ghafla, mishipa inasinyaa, damu inayopanda inakuwa kidogo, mtu anaona nyota. Akaniambia niko mzima wa afya, nimejinyima damu mwenyewe kwa woga. Nilimwambia asirudie kulisema hilo mbele ya mume wangu, atanitania mpaka kiyama.

Picha ilirudi, daktari akaja kutueleza, mimi na mama mkwe. Alitumia shingo yake mwenyewe. Akagusa upande huu na ule mbele, pale mapigo yanaposikika, akasema hapa ipo mishipa miwili mikubwa inayopandisha damu kwenye ubongo. Akapeleka vidole nyuma. Huku ipo mingine miwili, myembamba zaidi, na yenyewe inapita ndani ya matundu ya pingili za shingo, pingili hadi pingili, na huko juu kabisa chini ya fuvu inakata kona kabla ya kuingia kichwani. Shingo ikizungushwa kwa ghafla, kwenye kona ile mshipa unavutwa. Wa mume wangu wa kushoto ulichanika kwa ndani, ngozi ya ndani tu, damu ikaingia kwenye ule mchaniko ikavimba na kuziba njia. Sehemu ndogo ya ubongo huko nyuma, inayoshughulika na kumeza na mizani na kwikwi na kusikia moto na baridi, ilikosa damu.

Mama mkwe akauliza mbona basi mwanawe bado anaongea.

Daktari akasema hapo ndipo penye bahati yake. Mishipa yote minne ikishaingia kichwani haiendi kila mmoja kivyake. Ile miwili ya nyuma inaungana ikawa mmoja, kisha huo nao unakutana na ile ya mbele chini ya ubongo, inashikana mikono, inafanya duara. Mmoja ukiziba, mingine inaweza kupitisha damu kwa kuzunguka, ikauhudumia upande wa jirani. Si kila mtu duara lake limekamilika, kuna wanaozaliwa na kipande chembamba au hakipo. La mume wangu lilikuwa zima, na mshipa wa kulia ulikuwa mnene. Ndiyo uliombeba. Sasa atapewa dawa ya kuzuia damu isigande pale penye jeraha, mabonge yasije yakang'oka yakapanda juu. Akatuambia jambo jingine, na alilisema akitutazama machoni: angerudishwa nyumbani kama mtu wa sikio, akaenda kupanda ngazi na kuangalia dari, asingethubutu kutuahidi chochote.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Kesho yake asubuhi ndiyo nusura tuharibu kila kitu. Nesi alipima presha, akaandika, akaondoka. Mama mkwe anaijua presha, ameishi nayo miaka mingi, tarakimu zile akiziona anajua ni mbaya. Akafungua fundo la kanga, akatoa kidonge chake mwenyewe, cha kushusha, akamimina maji kwenye kikombe. Nilikuwa naingia na mashuka. Nilimdaka mkono kidonge kikiwa sentimita chache kutoka mdomoni mwa mume wangu, na mume wangu amekwishafumbua mdomo, mtoto mtiifu. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimkamata mama mkwe mkono kwa nguvu. Aliniambia ninataka kumuua mwanawe kwa presha. Nikamwambia asubiri daktari, na sikumwachia mpaka daktari alipofika.

Daktari alikichukua kile kidonge kwa adabu akakirudisha kwenye fundo. Akamwambia mama kwamba dawa hiyo ni nzuri kwake yeye, na akamshukuru kwa kumpenda mwanawe, kisha akaeleza. Ubongo hauna ghala la damu. Kila dakika unataka iletwe mpya, na kwa kawaida haujali sana presha ikipanda kidogo au ikishuka kidogo, kwa sababu ile mishipa midogo midogo ya ndani inajirekebisha yenyewe. Presha ikipanda inajibana, ikishuka inajitanua, kiasi kinachofika kinabaki kile kile. Ndiyo maana mtu anasimama kutoka kitandani haanguki. Lakini pale njia ilipoziba, mishipa midogo ya upande ule imeshajitanua hadi mwisho, haina pa kuendelea. Hapo kinachosukuma damu izunguke kwa njia za jirani ni presha yenyewe. Mwili wa mume wangu umeipandisha makusudi. Ukiishusha kwa pupa, ile sehemu inayoponea chupuchupu inakufa njaa. Ingepanda kupita kiwango wangeishusha wao, kidogo kidogo, wakiwa wanaangalia. Kwa sasa iachwe, na alale kitanda kimelazwa sawasawa.

Mama mkwe alisikiliza lote. Akafunga fundo la kanga, akalikaza mara mbili. Akamwangalia mwanawe anavyoshtuka kwa kwikwi. Halafu akaniambia, "Kamwite mdogo wako aingie. Amekaa kwenye lile benchi tangu jana."

Ni kweli, alikuwa pale pale. Aproni ile ile. Aliingia akasimama miguuni mwa kitanda, hakuthubutu kusogea kichwani. Daktari, na huu ni uungwana wake, alimwambia kuwa mambo haya hayana uhakika wa asilimia mia. Kuna watu mshipa huo huwachanika kwa kupiga chafya, wengine kwa kugeuka wakirudisha gari nyuma, na dari zile nazo huenda zilichangia. Alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea. Mdogo wangu alimshukuru, akasema yeye alikisikia vidoleni, na vidole vyake havijawahi kumdanganya.

Mume wangu alikuwa na hasira. Sauti ilikuwa imekwaruza, maneno yanakatwa na kwikwi, lakini aliyasema yote. Alimuuliza nani alimtuma. Akamwambia sasa watu wote watajua, duka litakufa, watoto wake watakula nini, na yeye alikuwa ameshalimaliza jambo kiume, kimya kimya. "Nilikuwa nakulinda, shemeji."

"Ungenilinda mpaka kaburini," mdogo wangu akasema. "Halafu dada yangu ningemwambia nini?"

Mama mkwe akasogea kwenye kitanda, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa, na mdogo wangu akakaa.

Mume wangu alitoka hospitali akitembea kwa kushika ukuta, kisha kwa kushika bega langu, kisha kwa kushika hewa. Kwikwi zilimwacha siku moja alasiri bila kuaga, tukakaa tunazisubiri zirudi kama wajinga. Kope lilipanda pole pole, ingawa akichoka bado linasinzia. Picha ya pili ilionyesha mshipa umejiziba jeraha na damu inapita. Kilichobaki ni ule upande wa kulia ambao haujui moto. Maji ya kuoga anayapima kwa mkono wa kushoto, na ole wake anayemtania kwa hilo zaidi yangu mimi. Dari amewaachia vijana, yeye anapaka milango na madirisha, na anasema milango inalipa vizuri kwa kuwa watu huitazama.

Upande wa pili wa mbao zangu, ka! haikusikika tena. Siku ya kwanza baada ya kufungua duka, benchi lilikuwa limejaa. Mdogo wangu alimnyoa mtu wa kwanza, akampaka poda, akamwondolea kitambaa. Yule mtu akaendelea kukaa, kichwa amekilegeza, anasubiri. Mdogo wangu akamwambia amemaliza. Benchi likanung'unika. Ndipo akawaeleza, na hakuzungusha maneno, alisema, "Nimemchana mshipa shemeji yangu, mume wa dada yangu huyu hapa mnayesikia cherehani yake, na karibu nimuue." Akawaeleza ile mishipa minne, akagusa mbele na nyuma kama nilivyomsimulia daktari alivyogusa. Wengine walielewa. Wengine walisema anajitia udaktari wa juzi. Yule bwana asiye na nywele aliinuka akaenda zake na hatujamwona mpaka leo, maana kweli hakuwa na la kunyolewa. Kwa muda mrefu benchi lilikuwa na watu wawili, watatu. Mimi niliongeza mishono ya jioni nikamsaidia kidogo bila kumwambia mtu, na yeye hakuuliza chumvi na unga vinatoka wapi. Jina la Vunja halikumtoka. Alijaribu kuwakataza, wakazidi.

Lakini kuna kichwa kimoja hakukigusa miezi yote hiyo, na hicho kilikuwa kinazidi kuota nywele. Kila mume wangu akisema anakwenda kunyolewa, mdogo wangu alikuwa na udhuru. Mashine imeharibika. Umeme mdogo. Mkono unauma. Akafikia hatua ya kumwelekeza kwa kinyozi mwingine mtaa wa pili, akamsifia kabisa. Mume wangu alipoa, akasubiri, nywele zikamfunika masikio, mama mkwe akaanza kuuliza kama mwanawe ameingia dini mpya.

Jumamosi moja akachoka. Alipita mlangoni kwangu bila kunisalimia, akaingia kwa mdogo wangu, akakaa kwenye kile kiti. Nilizima cherehani. Nilimsikia mdogo wangu akisema kuwa hawezi, atamkata. Mume wangu akajibu kwa sauti yake ya siku zote, ile iliyokwisha kurudi, "Kichwa hiki kina fundi wake. Nyoa."

Mashine ikanguruma. Ikazimwa. Ikawashwa tena. Hakuna aliyetania mtu. Nikaweka mkasi chini, nikazunguka hadi mlangoni kwao, maana kusikia tu kulinishinda.

Mdogo wangu alikuwa anamnyoa taratibu kuliko ninavyomjua, jasho linamtiririka. Alimaliza juu, akamaliza pembeni, akafika kisogoni. Mume wangu hakuwa amelala vizuri tangu ugonjwa ule, kila akigeuza shingo usiku alikuwa anaamka kwa woga. Sasa macho yalikuwa yamefumba. Kichwa kikaanza kuinama, kikalala upande wa kushoto, mzigo wake wote, kwenye kiganja cha mdogo wangu. Alikuwa amelala fofofo, anakoroma.

Mdogo wangu alizima mashine kwa mkono wa pili. Mmoja wa wateja akataka kusema kitu, nikamwonyesha kidole. Alisimama pale pale, hakusogeza hata mguu, machozi yanamshuka hana mkono wa kuyafuta, akamshikia shemeji yake kichwa mpaka mwenyewe alipoamka.